Mara ya Nne Maporomokoni

— Dada, nikuambie siri? Huyo kiongozi wetu wa safari, huyo aliyeshika kipaza sauti, ndiye atakayenioa.

Kaltuma alikuwa ndiyo kwanza amekaa sawa kwenye siti ya nyuma. Basi lilikuwa limeshuka kwenye feri ya Kilifi, limepanda kilima cha Mnarani, na alfajiri haijaisha. Uso wake ulikuwa umefunikwa kwa ukaya wa buibui, na heri ulifunikwa, maana damu yote ilikuwa imemhama.

— Yupi? Yule mrefu?

— Huyo huyo. Msellem.

Jina hilo Kaltuma alilijua kama anavyojua kuamka na kulala. Msellem wa Shella, Malindi, ndiye aliyemposa miaka miwili iliyopita. Arusi yao ilipangwa mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Mamake Kaltuma alishaanza kuwatembelea washonaji.

Na Kaltuma hakuja katika safari hii kwa kupenda kutalii. Rafiki yake Kabibi, karani wa ile kampuni ya utalii, ndiye aliyemnong'oneza.

— Tangu mpaka wa Tanzania ufunguliwe tena, bwana'ko anapeleka watu Tanga kwenda na kurudi siku moja, sivyo? — Kabibi alimwambia. — Wanatembezwa mji wa kale, wanaonyeshwa makaburi ya Tongoni, wanamalizia kwa maporomoko ya maji huko Hale. Sasa kuna msichana wa Kilifi amekwenda mara tatu. Mwenzangu, mtu huenda kutazama maji yaleyale mara tatu?

Basi Kaltuma akaaga kwao kwamba anakwenda kwa shangazi yake Kibarani, karibu na Kilifi. Kabibi akamwekea nafasi kimyakimya. Alfajiri akapandia Kilifi, amejifunika gubigubi. Msellem alihesabu abiria wake na akampita kama mpita njia. Halafu kati ya siti zote, msichana aliyekuja kuketi kando yake akawa ndiye.

Jina lake Priscilla. Mkamba wa Kangundo, karani wa benki pale Kilifi. Alikuwa na nywele zilizochomwa zikalala vizuri, kucha nyekundu, na kicheko cha mtu asiyemdhania mwenzake ubaya. Kaltuma alimkagua kidole kwa kidole. Alitafuta kasoro, na kila alipoikosa roho ilizidi kumuuma.

— Sasa huyo mchumba wako, — Kaltuma aliuliza, sauti ameikaza isitetemeke, — kwao wanakujua?

— Bado. Ameniambia tungoje. Lakini Desemba anakuja Kangundo kuonana na baba. Ameshaniuliza baba anapenda zawadi gani.

— Ni Mwislamu yule.

— Najua. Tumezungumza hayo yote. Dada, yule mtu ana roho tofauti na wanaume wengine. Wewe unamwona anacheka na kila mtu, lakini ndani ameumia. Mamake alikuwa Tanga wakati mpaka ulipofungwa. Akafia huko, na yeye hakuweza kwenda kumzika. Aliniambia siku aliyopata habari alishuka ufuoni peke yake kumswalia, na hakujua aelekee kibla au aelekee Tanga. Aliniambia hapohapo kwenye maporomoko, akilia. Mwanamume mzima!

Kaltuma aligeuza uso dirishani. Michungwa na mikorosho ilikuwa inakwenda mbio nyuma.

Hilo ndilo lililomkata. Miaka miwili ameposwa, na siku moja tu alipomuuliza Msellem habari za mamake, alijibiwa neno moja: "Alifariki." Kisha akaletewa halua. Mumewe mtarajiwa alikuwa na machozi, na machozi yenyewe alikwenda kumpa mtu mwingine, kando ya mto wa nchi nyingine.

Huko mbele Msellem aliwasha kipaza sauti.

— Mabibi na mabwana, haraka zetu tumeziacha ng'ambo ya feri. Leo mimi ni wenu, na nyinyi ni wangu!

Abiria wakacheka. Msellem akapita akigawa soda, akampa Priscilla ya kwanza, na vidole vyao vikachelewa kuachana. Soda ya pili akampa yule mwanamke wa buibui bila kumtazama.

— Umeona? — Priscilla alinong'ona.

— Nimeona, — alisema Kaltuma.

* * *

Walipofika mpakani Lunga Lunga, abiria walishuka na hati zao wakapanga mstari. Priscilla aliitwa mapema, akagongewa muhuri, akarudi kwenye basi. Msellem alisimama kando ya meza akimsaidia ofisa kuita majina, mpaka ofisa mwenyewe akashika hati moja na kuisoma kwa sauti:

— Kaltuma binti Omar! Yupo wapi? Funua uso, mama, nikulinganishe na picha.

Kaltuma alisogea mezani, akaufunua ukaya.

Msellem alikuwa na tabasamu lake la kazi, na tabasamu hilo likamgandia usoni kama uji uliopoa. Ofisa alitazama picha, akatazama uso, akagonga muhuri.

— Kaltuma, — Msellem alisema chini chini walipotoka nje. — Umekuja kufanya nini?

— Nimekuja kutalii. Si kazi yako kutembeza watu?

— Lakini ungeniambia, ningekuwekea siti ya mbele...

— Nilipo pananitosha. Nina jirani mwema, mazungumzo yake hayaishi.

Akateremsha ukaya wake akapanda basi. Msellem alibaki pale nje hata dereva Gitau akapiga honi mara mbili.

Na kuanzia hapo, jamani, Msellem akawa mtu mwingine. Tanga walizunguka majumba ya Wajerumani na vichochoro vya zamani, naye akawa mbele na wazee, hageuki nyuma. Tongoni, kwenye nguzo za makaburi ya kale, Priscilla alimwita mara tatu ampige picha, naye akajifanya hakusikia. Mchana walipokula hotelini, alikuja mwenyewe na sahani ya samaki wa kupaka, akaiweka mbele ya Kaltuma kwa mikono miwili.

— Karibu, bibi. Nimekuchagulia kipande kizuri.

Akaondoka bila hata kumsalimu Priscilla.

Priscilla aliacha kula.

— Dada, nimemkosea nini? Asubuhi alikuwa sawa. Tangu tuvuke mpaka hataki hata kunitazama.

Kaltuma, ukaya bado umemshukia usoni, alikuwa anamchambua samaki miba polepole. Njia nzima, kwa chembe ndogo ya tumaini, alikuwa anajiambia: huenda huyu msichana anajidanganya, huenda amedhani utani wa kazi ni mapenzi. Lakini mtu asiye na hatia angeendelea na utani wake. Huyu alikuwa amekatika ghafla, na kule kukatika ndiko kulikomfichua.

— Pengine ameona kitu, — Kaltuma alisema.

— Kitu gani?

— Kula kwanza. Njia ya Hale ni ndefu.

* * *

Mvua zilikuwa zimenyesha bara, na maji ya Hale yalikuwa yanashuka kwa hasira. Mvuke ulipanda, mawe yaling'aa kama yamepakwa mafuta, na mngurumo ulijaza masikio. Pale maporomokoni mtu akitaka kusikika hana budi kupiga kelele.

Priscilla alitangulia peke yake hadi kwenye jiwe la ukingoni, viatu mkononi. Kaltuma alimfuata. Alisimama nyuma yake, karibu hata aliweza kunusa mafuta ya nywele zake. Lilipita wazo, jepesi, kama mtu amempulizia sikioni: jiwe linateleza, hapana anayetazama.

Wazo hilo lilimtisha. Alimshika Priscilla mkono, akamvuta nyuma kwa nguvu.

— Rudi huku! Utaanguka!

— Dada, vipi? Mbona unanivuta hivyo?

— Nina jambo la kukwambia, na nikikaa nalo zaidi litaniharibu.

Akafunua ukaya. Ndiyo mara ya kwanza Priscilla kumwona uso.

— Mimi naitwa Kaltuma. Msellem amenichumbia. Arusi yetu ni mfungo mosi.

Priscilla alimtazama macho, akamtazama mdomo, kana kwamba maneno hayo yangeweza kurudishwa yalikotoka.

— Umenisikiliza toka Kilifi, — alisema mwishowe. — Nimekuambia kila kitu. Ukanisikiliza tu!

— Nilikusikiliza. Nisamehe. Nilikuwa nakuchukia.

Msellem alikuwa ameshawaona. Alikuja anateleza teleza juu ya mawe, mkono mmoja hewani.

— Kaltuma! Shuka hapo tuzungumze!

— Zungumza hapa hapa!

— Watu wanasikia!

— Nawe sema polepole basi, kama maji yatakuruhusu!

Abiria walikuwa wameshakusanyika. Mzee mmoja kutoka Kilifi, Simeon, alivua kofia akaiweka kifuani kama yuko msibani.

— Kaltuma, huyu ni mteja! — Msellem alipaza sauti. — Ni maneno ya kazi! Kiongozi lazima achangamke na watu!

Priscilla alimgeukia.

— Mteja? Msellem, mteja ndiye uliyemuuliza baba yake anapenda zawadi gani?

— Priscilla, ngoja...

— Nimengoja! Nimekuja mara nne kutazama haya maji!

Msellem alimshika Kaltuma ncha ya buibui, macho yamelowa. Ikawa hajulikani ni mvuke au ni machozi.

— Kaltuma, nisikilize. Sijakuwa na akili sawa tangu mamangu afariki. Siku ile nilishuka ufuoni kumswalia, na sikujua nielekee...

— Kibla au nielekee Tanga, — Priscilla alimmalizia.

Msellem aliiachia ncha ya buibui. Maji peke yake yaliendelea kupiga kelele, na Mzee Simeon akavaa kofia yake akageuka.

* * *

Kurudi, Msellem alikaa mbele karibu na Gitau, kipaza sauti kimewekwa chini. Priscilla alisimama njiani na mkoba wake, akitafuta siti nyingine.

— Kaa, — Kaltuma alimwambia. — Hii siti ni yako toka asubuhi.

Priscilla alikaa. Walipovuka mpaka na kukaribia Ukunda ndipo Priscilla alipouliza:

— Wewe alikwambia nini kuhusu mamake?

— Neno moja tu.

— Mimi nilidhani nimepewa moyo wake.

— Hata mimi nilidhani hivyo. Ndiyo maana siku nzima sikukuonea wivu wa kucha wala nywele. Nilikuonea wivu wa hayo machozi.

Priscilla alimtazama.

— Kucha zangu ulizitazama, — alisema. — Nilikuona.

Kaltuma alitaka kukana, akashindwa. Alicheka kidogo, mara moja.

* * *

Siku chache baadaye Msellem alikuja kwao Kaltuma na ami yake, Sheikh Awadh. Wanaume walikaa ukumbini, Kaltuma na mamake nyuma ya pazia.

— Shikamoo, ami, — Kaltuma alisalimu.

— Marahaba, mwanangu. Nimekuja na huyu mtoto wetu. Amekosa, na amekiri. Mtu akikiri hupewa njia.

— Alikiri lini, ami? Alikiri aliposhikwa.

Kisha ikaja sauti ya Msellem, bila mapambo:

— Kaltuma, nitasema kweli. Yule nilimfungulia moyo kwa kuwa sikujali akiniona nimevunjika. Wewe nilikuonea haya. Wewe nilitaka unione mzima siku zote.

Mama mtu alimshika bintiye mkono. Alimwona machozi yanateremka na akadhani amekwisha kulainika.

— Basi mimi umenipa kanzu ya Idi, Msellem, — Kaltuma alisema kutoka nyuma ya pazia. — Mtu mwenyewe aliyeivaa umempa mwengine. Na huyo mwengine naye ulimwahidi nyumba usiyoijenga. Mimi siwezi kuolewa na kanzu. Ami, niwie radhi. Posa yenu nairudisha kwa heshima.

Sheikh Awadh alipumua kwa nguvu, akanyanyuka.

— Mama, binti yako amesema. Sisi hatuna la kuongeza.

Malindi ilisema mengi. Wengine walimwita mjeuri, wengine wakasema amekosa bahati. Mfungo mosi ukaja ukapita, na nguo zilizoshonwa zikavaliwa na dada yake mdogo.

Mwezi mmoja baadaye aliitwa dukani kwa mjomba wake, kulikokuwa na simu.

— Kaltuma? Ni Priscilla, Kilifi. Namba uliyonipa kwenye basi bado ninayo.

— U hali gani?

— Nipo. Alikuja kwangu, ujue. Baada ya kwenu kumkataa.

Moyo wa Kaltuma uliruka, na akauchukia kwa kuruka.

— Ukamwambia nini?

— Sikufungua mlango. Nilimsikia anasema na mlango kama nusu saa, halafu akaenda zake. Nasikia sasa ameomba kupelekwa safari za Mombasa kwenda Lamu.

— Vyema.

— Vyema, ndiyo. Nikuulize. Basi lao likipita hapo Malindi, wewe hulitazama?

Kaltuma aliwaza kudanganya. Mjomba alikuwa anapima sukari na hakuwa na habari naye.

— Mimi hulitazama.

— Na ukimwona msichana amekaa siti ya mbele?

— Huniuma, Priscilla. Wallahi huniuma. Nawe je?

— Mimi juzi nililikimbilia hadi kivukoni nimtazame aliyekaa siti ya mbele ni nani. Nikiwa kazini, na sare ya benki! Kumbe ni bibi kizee na fimbo yake.

Wakacheka wote wawili, hata mjomba akainua macho kwenye mizani. Kisha kicheko cha Kaltuma kikavunjika katikati, akaegemea ukuta wa duka, analia na simu i sikioni. Upande wa pili, Priscilla hakukata simu.