Mtu wa Kumuuguza Karani

Siku ya soko, mwaka wa 1968, ofisi ya bima mjini Kakamega ilikuwa na benchi moja na wateja wawili. Lazarus Shitanda, karani mstaafu wa posta, alikalia ncha moja kwa heshima zote, tai imemkaba, na hakuwa ameongea na mtu tangu Jumapili. Mama wa ncha ya pili alipoitwa, akainuka, benchi ikapinduka na karani akajikuta sakafuni.

"Pole, bwana. Kumbe mimi ndiye niliyekushikilia."

Alikuwa Navalayo, fundi cherehani wa Shirere, mjane, gauni lake la maua ya manjano.

Protus, wakala kijana, aliwaeleza kwamba bima hiyo ya wazee ni ya kuongezea ile ya serikali. Mpango wa kwanza ulitoa chumba cha peke yako hospitalini. Wa pili ulikuweka wodini na wengine, lakini ulimlisha na kumlaza mtu mmoja wa kukuuguza.

"Nipe chumba," alisema Navalayo. "Wa kuniuguza ni nani?" Akacheka kidogo. Lazarus alikijua kicheko hicho. Nyumbani alikuwa nacho kama hicho, tangu mkewe afariki.

Tangu siku hiyo mashati yake yakaanza kupoteza vifungo kila wiki, naye akayapeleka Shirere kwa Navalayo.

"Mzee Lazarus," alimuuliza Navalayo, "vifungo vyako hukatikanga kwa wembe?"

Karani akakohoa kwa hadhi na kuagiza chai ya watu wawili.

Kisha akaharibu. Alichagua mpango wa pili, na fomu ikataka jina la muuguzaji na uhusiano wake. Kwa miaka thelathini alikuwa amewarudisha watu nyumbani kwa kuacha nafasi wazi. Mkono wake haukuweza kuiacha hiyo wazi. Akaandika: Navalayo. Mke. Kesho yake Protus, akipita Shirere, akampongeza bibi harusi mbele ya wateja.

Navalayo aliweka mkasi chini. "Wenzangu waliposwa na wazee wa ukoo," alimwambia Lazarus alipofika. "Mimi nimeposwa na bima. Nenda."

Kila siku saa kumi Lazarus alipiga simu dukani kwa Mukhwana, jirani yake Navalayo.

"Anasema hayupo," alijibu Mukhwana.

"Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo. Amesimama hapa kando yangu."

Jioni alipakua obusuma, ugali wa kwao, kwenye sahani mbili kwa mazoea, akala ya moja, akaziosha zote mbili. Kifungo cha shati lake kikadondoka, bila wembe safari hii. Jumapili akaenda kanisani hivyo hivyo.

Jumatatu alirudi ofisini kubadilisha: apewe chumba cha peke yake. Protus akamletea fomu, akisema yule mama alikuwa amepita asubuhi. Kando ya neno "Mke", kwa mwandiko ulionyooka kama pindo la gauni, palikuwa pameongezwa: "akituma wazee kwanza." Maneno yalikuwa yamevuka mstari hadi pembeni, jambo lisiloruhusiwa kabisa.

"Imechafuliwa," alisema Protus. "Nikupe nyingine?"

"Iache. Niazime simu."

Dukani iliinuliwa mara moja.

"Hayupo," ilisema sauti ya Navalayo mwenyewe.

Karani alinyoosha tai. "Akirudi, mwambie wazee watafika Jumamosi."

"Nitamwambia. Nawe ulete lile shati. Nililiona kanisani."