Chiriku Anauliziwa

Nguo zilikuwa safi, kavu, zimepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na bado zilinuka. Haikuwa harufu ya jasho wala ya sabuni mbaya. Ilikuwa ile harufu anayoijua kila mtu aliyewahi kuloweka nguo kwenye beseni, akaitwa mahali, akazisahau zikavunda. Mteja mmoja alirudisha mashati yake akilalamika. Mwingine akarudisha shuka za nyumba yake ya wageni. Mzee wa Pasi, aliyesimama nyuma ya meza ile ya kupigia pasi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alinusa kola, akakunja uso.

"Hii nimeifua mwenyewe," alisema. "Hii haiwezi kunuka."

Mama Chiriku, aliyekuwa akifanya kazi naye pale kwa dobi, aliendelea kukunja shuka. Alikuwa ameisikia harufu hiyo kabla yao wote, na hakuisikia kwenye nguo. Aliisikia kwenye mdomo wa kinyozi.

Binti yake Mama Chiriku alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mwembamba, mwenye maneno mengi kiasi kwamba alibandikwa jina la Chiriku shuleni, likamfuata mpaka nyumbani. Baada ya masomo alipitia kazini kwa mama yake kusaidia kukunja shuka. Jioni moja aliingia chumba cha kukaushia kuzitoa kwenye kamba. Chumba kile kina mlango mmoja, hakina dirisha, na mabomba ya mvuke yamezunguka kuta zake. Mama alisimama mlangoni na kapu, akimsikiliza anavyosimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyokalia chaki.

"Basi mwalimu akainuka, mama, akatupa mgongo, na huko nyuma..."

Kimya. Mama alingoja kicheko, hakikuja. Alipoingia alikuta shuka zimetulia, na sweta la shule limetundikwa kwenye kamba, maana joto la mle ndani halikuwa la kuvalia sweta. Mtoto hakuwemo.

Polisi walikuja, wakakizunguka chumba kwa macho, wakaondoka na sweta. Walisema ametoroka, wa umri huo hutoroka. Mama akawaambia mlango ni mmoja tu na yeye mwenyewe alikuwa ameuziba kwa mwili wake. Wakasema mama ana mshtuko, apumzike.

Mwanzoni mtaa ulisimama naye. Picha za Chiriku zilibandikwa kila ukuta, vijana wakatafuta mpaka kwenye mitaro. Kisha redioni mtangazaji akawafungulia wasikilizaji laini za simu: je, kupotea kwa binti mmoja ni jambo la umma, au ni la nyumbani kwao? Hapo ndipo kila mtu alipogundua kwamba ana maoni. Mmoja akasema wazazi walee watoto wao. Mwingine akasema mbona hatuzungumzii maji. Kuna aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba wanaopotea ni wengi, na tukimlilia kila mmoja kazi zitalala. Utadhani Chiriku alipaswa kuwaomba ruhusa kwanza.

Kinyozi hakuwa mtu wa maneno hayo. Ndiye aliyemnyoa Chiriku tangu ana meno mawili, na picha yake aliibandika katikati ya kioo cha saluni. Lakini siku moja Mama Chiriku alipita akamkuta anaibandua kwa kucha.

"Dada," alisema kinyozi, "tuyafunge haya, maisha yaendelee."

Pumzi yake ndiyo iliyonuka beseni. Kisha akaitazama ile picha mkononi mwake, akauliza kwa upole kabisa, "Kwani huyu ni nani?"

Mama Chiriku alitoka pale mbiombio. Alipofika kazini aliagiza mganga aitwe, na akakataa mambo ya kujificha gizani. "Mwanangu kachukuliwa kweupe," alisema, "atatafutwa kweupe."

Mganga alikuja siku ya pili yake, mchana, mwanamke mnene mwenye haraka, shavu limevimba kwa jino alilokuwa akienda kuling'oa. Aliingia chumba cha kukaushia, akaegemeza shavu lile kwenye ukuta wenye joto, akaguna kwa raha. Raha hiyo haikudumu. Alijiondoa ukutani taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba ameegemea mtu.

"Humu kuna mwokotaji," alinong'ona.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Mama Chiriku.

"Punguza sauti. Jini la namna hii haliibi, linaokota. Mtoto kapita karibu nalo, likamshika. Lakini kushika si kumiliki. Linamiliki kilichoachwa tu. Nani kamwacha huyu mtoto?"

"Hakuna! Nani amwache mwanangu?"

"Nimeuliza tu, mama. Tazama vizuri."

Mama Chiriku alitazama, na macho yake yakatua kwenye rafu ya nje ya mlango. Kila dobi ana rafu ya nguo ambazo wenyewe hawakurudi, na pale kwao waliiita rafu ya yatima. Sheria yake ilikuwa fupi: nguo isiyouliziwa mpaka msimu ubadilike, anaichukua anayeitaka. Juu kabisa ya rafu hiyo lilikaa sweta la shule. Polisi walikuwa wamelirudisha ndani ya mfuko, wakasema hawalihitaji tena, na yeye hakuweza kwenda nalo nyumbani akalilaze kwenye kitanda kitupu. Mikono yake, iliyozoea kazi kuliko kufikiri, ikalifua, ikalipiga pasi, ikalikunja, ikaliweka pale. Hakujua alichokuwa anafanya. Alijua sasa.

"Mimi," alisema. "Ni mimi niliyemweka hapo."

Alilinyakua. Sweta lililopigwa pasi lilikuwa limelowa chapachapa, na maji yake yalinuka.

"Lishike hivyohivyo," alisema mganga. "Lakini wewe peke yako hutoshi. Jini linajua mama ataulizia mpaka aingie kaburini, na hilo halilisumbui, linao muda. Linangoja hao wengine. Siku mtaa utakaposema imetosha, mlango utafungwa na hakuna dawa ya kuufungua."

"Mkutano wa mtaa ni leo alasiri," alisema Mama Chiriku. "Humu humu. Ajenda ni kubandua picha na kusimamisha msako."

Mganga alishika shavu lake, akatazama mlango wa kutokea, akatazama ule wa chumba cha kukaushia. "Basi nitakaa," alisema. "Jino lingoje."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kupigia pasi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na paa lingine kubwa. Watu walikaa kwenye makapu na mabenchi. Mwenyekiti, mtu apendaye ajenda kama wengine wapendavyo usingizi, alikohoa akaanza. Alisema tunamhurumia mama yetu. Alisema pia mtaa unapata sifa mbaya, wapangaji wanahama, na mwisho wa yote huyu ni mtoto mmoja, si mafuriko wala vita.

"Tuyafunge haya," alimalizia, "maisha yaendelee."

"Kweli," alisema mwanamke wa duka la dawa, aliyekaa nyuma. "Tuyafunge haya, maisha yaendelee."

"Tuyafunge haya," alisema kinyozi, "maisha yaendelee."

Maneno yaleyale, kwa mteremko uleule wa sauti. Mzee wa Pasi alimsogelea Mama Chiriku. "Umesikia?" alinong'ona. "Kuna mtu anasema nao. Kule ndani."

"Nimesikia, baba. Usinyanyue mkono."

"Wanaounga mkono tufunge," alisema Mwenyekiti, "wanyooshe mikono."

Mwanamke wa duka la dawa alinyoosha wa kwanza, wengine wakafuata mmoja mmoja, na Mama Chiriku akaona kwamba vidole vya kila aliyenyoosha vilikuwa vimekunjamana na kupauka kama vya mtu aliyeshinda kwenye beseni, vya kinyozi, vya muuza mboga, vya watu ambao hawajawahi kufua hata leso ya mtu, na kadiri mikono ilivyopanda ndivyo harufu ilivyopanda nayo, na maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye viwiko vyao na kudondoka sakafuni bila wenyewe kushtuka, na nyuma ya mlango wa chumba cha kukaushia kitu kikawa kinapita kati ya shuka, bila haraka, kikizigusa moja baada ya nyingine kama mteja anayechagua, na sauti nyembamba ambayo mama yeyote angeijua hata katikati ya ngoma ikasema "Mama" mara moja, ikazibwa.

Mama Chiriku alisimama juu ya benchi.

"Teremsheni mikono yenu!"

"Mama, kaa," alisema Mwenyekiti, na nyuma ya mlango sauti nyingine ikasema kaa, ikichelewa kidogo tu.

"Sikai!" Aliogopa mpaka meno yakagongana, na hasira ikawa kubwa kuliko woga. "Nimekuja kuchukua kilicho changu, na risiti sina!"

Watu wa dobi wanaijua kauli hiyo. Aliyepoteza risiti hafukuzwi. Anataja alama za nguo yake mbele ya watu, na waliowahi kumwona ameivaa wanamshuhudia, na akishashuhudiwa hakuna wa kumzuia, hata mwenye duka. Mzee wa Pasi alielewa upesi kuliko mganga. Alijipangusa uso, akajibu kama anavyowajibu wateja kila siku.

"Taja alama."

"Ana meno ya mbele yaliyopandana!" alisema Mama Chiriku. "Akicheka anaziba mdomo, halafu anasahau kuziba. Haogopi mbwa, anaogopa mende. Hajui kunong'ona, siri zake zote mtaa huu mnazijua!"

"Mashahidi?" aliuliza Mzee wa Pasi.

Mikono ilibaki juu. Mlango wa chumba cha kukaushia ulijibana kwenye fremu yake, mbao zikalia.

"Ni mtoto mmoja tu," alisema Mwenyekiti, na sasa sauti mbili zilitoka kinywani mwake kwa pamoja, moja ikiwa ya maji. "Wanaopotea ni wengi."

"Nani aliyezaa wengi?" Mama Chiriku alimgeukia. "Nionyeshe hapa mwanamke aliyezaa wengi! Kila mmoja kazaliwa na mtu, kalelewa na mtu, kazomewa na mtu. Mnasema ni mmoja ili kumpoteza kusiwaume. Wewe muuza mboga, hukumbuki? Kila siku alikuwa mezani kwako!"

Muuza mboga alipepesa macho. Aliutazama mkono wake uliokuwa juu.

"Huyo..." alisema polepole, "huyo si ndiye aliyemwambia mume wangu mbele ya wateja kwamba suruali yake imechanika makalioni?"

Kuna mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kuponyoka, lakini mkono wa muuza mboga ulishuka na vidole vyake vilikuwa vikavu.

"Nashuhudia," alisema. "Nashuhudia, namjua mshenzi yule!"

Taa zilizimika. Mvuke ukaanza kutoka chini ya mlango, mzito, wenye uvundo wa kumtapisha mtu, na kila shuka mle ukumbini ikavimba kana kwamba kuna aliyejificha ndani yake, na watoto wakalia, na watu wakaanza kukanyagana kutafuta njia. Mganga alisimama kwenye njia hiyo na mwili wake wote mnene. "Hakuna kutoka!" alifoka. "Semeni!"

"Hatulii kwenye kiti!" Alikuwa kinyozi, gizani, analia. "Kovu la sikio la kulia ni langu mimi. Nilimkata kwa sababu hakuacha kuongea. Nashuhudia! Mungu wangu, nilimsahauje?"

"Alinisomea barua ya mwanangu!"

"Alikojoa kitandani kwangu akiwa mdogo, akasema ni paka!"

"Nashuhudia!"

"Anauliziwa!" alipiga kelele Mama Chiriku, na ukumbi ukampokea, watu wakipigapiga makapu na mabenchi, sauti zao zikifunika mvua. "Anauliziwa! Anauliziwa!"

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Chiriku alianguka nje kwa magoti, nywele zimelowa, ngozi imekunjamana mwili mzima, midomo haina rangi. Mama aliruka kutoka kwenye benchi, akamkumbatia, akamvika lile sweta lililolowa kama lilivyo, akambusu mpaka kwenye masikio. Alilia bila kuona haya. Taa zilirudi. Watu walikuwa wamesimama wakitazamana kama waliozinduka kwenye usingizi wa mchana.

"Basi jamani," alisema Mwenyekiti, akijifuta jasho, mwenye furaha ya kweli. "Tushukuru. Mtoto kapatikana, mambo yamekwisha. Nafunga kikao, na huo mlango ufungwe."

Mama Chiriku aliisikia tena ile harufu, hafifu, ikitokea upande wa Mwenyekiti.

Chiriku alimvuta mama yake nguo. Yule asiyejua kunong'ona alinong'ona.

"Mama, msifunge. Humo ndani tuko wengi."

Mama Chiriku alitazama kiza cha chumba kile. Angeweza kumbeba mwanawe akaenda naye nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimkabidhi kwa mganga. Kisha akaenda, akaweka mguu wake kwenye kizingiti ili mlango usijifunge, na ubaridi wa mle ndani ukamshika kifundo kama mkono.

"Hatufungi," alisema. "Nani mwingine hapa ana mtu?"

Watu walitazama sakafu. Ubaridi ulimpanda mpaka kwenye goti, na hakuuondoa mguu. Hatimaye kule nyuma alisimama mwanamke wa duka la dawa, yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba inayoungua.

"Nadhani nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Wa kiume. Jina... jina lake silikumbuki."

"Taja alama," alisema Mama Chiriku.