Ijumaa Imehamia Wapi

Mkalimani alikuwa mtu wa kalenda. Kabla ya chai, kalenda. Baada ya chai, kalenda tena. Kazi yake ilikuwa kutafsiri lugha ya alama. Watu wasiosikia walimwita hospitalini, benki, shuleni, popote palipo na mtu anayejua kuongea kwa mdomo tu. Kwa siku moja aliweza kwenda sehemu tatu. Akikosea saa, mgonjwa angekaa mbele ya daktari na wote wawili wangebaki kutazamana.

Kalenda yenyewe ilikuwa ndani ya programu yake ya barua pepe, kwenye kompyuta iliyokaa juu ya meza ya chakula. Mumewe, Fundi Saa, alikuwa na meza yake karibu na dirisha. Saa za watu zililala hapo zimefunguliwa matumbo. Majirani walimtania kwamba anatengeneza saa za mtaa mzima, lakini humuuliza mkewe leo ni siku gani.

"Mimi nashughulika na dakika," alikuwa akiwajibu. "Siku ni za mke wangu."

Jumatano asubuhi, programu ya barua pepe ilileta ujumbe: "Toleo jipya liko tayari." Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mkalimani alibonyeza "Ndiyo" hata kabla hajamaliza kusoma. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikarudi imependeza. Herufi zilikuwa safi na rangi zilikuwa laini. Mkalimani alifurahi sana, akamwita mumewe aje kuona.

"Imekuwa kama imetoka kuoga," alisema Fundi Saa.

Wakati huohuo simu ililia. Alikuwa karani wa kliniki ya macho.

"Dada, una nafasi Ijumaa saa tatu asubuhi? Kuna mzee hasikii. Daktari anataka kumweleza mambo ya upasuaji."

Mkalimani alitupia kalenda jicho. Wiki ilikuwa na visanduku saba, vimepangwa mstari mmoja. Kisanduku cha tano, mahali pa Ijumaa, kilikuwa kitupu. Cha sita kilikuwa na alama ya bluu.

"Nafasi ipo," alisema. "Nitakuja."

Alikata simu, akaenda zake kazini huku akipiga mluzi. Laiti angesoma maneno madogo yaliyokuwa juu ya visanduku.

Kesho yake, Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, mlango ulifunguliwa. Aliingia Cheche, amebeba shati lililopigwa pasi na buti zinazong'aa. Cheche alikuwa mdogo wake Fundi Saa, kwa hiyo alikuwa wifi yake Mkalimani. Hakuwa akisikia tangu utotoni. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina lake la utani lilitokana na kazi hiyo.

"Nalala hapa leo," alisema kwa mikono. "Kesho tutoke pamoja."

"Kesho twende wapi?" aliuliza Mkalimani, naye kwa mikono.

Cheche alicheka. Alidhani wifi yake anamtania, maana katika nyumba ile utani ulikuwa haukauki.

"Kiwandani. Kwenye usaili wangu."

"Usaili ni keshokutwa."

Cheche aliacha kucheka. Alitoa barua mfukoni, akaifungua juu ya meza. Ilitoka kwenye kiwanda kinachounda mabodi ya mabasi. Mkalimani aliisoma mara mbili. Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Saa tatu hiyohiyo alikuwa amemwahidi mzee wa kliniki.

Usaili huo ulikuwa wa tatu kwa Cheche. Wa kwanza alikwenda peke yake. Wanaume watatu walichezesha midomo harakaharaka mbele yake, kisha wakamwandikia kwenye karatasi: "Asante kwa kuja." Wa pili mambo yakawa yaleyale. Safari hii kiwanda kilikubali aje na mkalimani, na Cheche alikuwa ameisubiri siku hiyo wiki tatu nzima.

"Mbona kalenda inasema Jumamosi?" Mkalimani alifungua kompyuta. Alama ya bluu ya usaili ilikuwa palepale, kisanduku cha sita. Aliangalia tena. Duara linaloonyesha siku ya leo lilikuwa kwenye kisanduku cha tano.

"Unaona? Leo ni Alhamisi, yenyewe imeiweka leo penye Ijumaa. Toleo hili jipya limesogeza kila kitu siku moja mbele."

"Basi ifute," alisema Fundi Saa.

"Nikifuta nitabaki na nini? Acha nizirudishe alama nyuma, moja moja."

Alianza na miadi ya mtoto mmoja wa shule. Aliikokota kutoka kisanduku kimoja hadi cha nyuma yake. Programu ikauliza: "Ungependa kuwatumia waalikwa taarifa ya mabadiliko?" Kidole kilisimama juu ya neno "Tuma".

Fundi Saa hakujua kalenda, lakini alimjua mke wake anapokaribia kuharibu jambo. Alitoka mbio hadi mlango wa pili, kwa Bi Mhazili.

Bi Mhazili alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini aliwapangia wakubwa mikutano yao, kwanza kwenye daftari, baadaye kwenye kompyuta. Aliingia na kanga yake begani na miwani kichwani.

"Mabosi watano wamepita mikononi mwangu," alisema, "na hakuna aliyekosa mkutano ila kwa kupenda mwenyewe. Haya, nani amegusa nini?"

"Bi Mhazili, kalenda imeharibika."

"Toa kidole hapo kwanza, mwanangu. Ukituma, mama wa mtoto huyo atampeleka siku siyo. Bonyeza 'Ghairi'."

Mkalimani alighairi. Miadi ya mtoto ilirudi mahali pake. Cheche alisogeza kiti, akaangalia mikono ya wifi yake iliyokuwa ikimtafsiria kila neno.

"Sasa nisomee siku hizi," alisema Bi Mhazili. "Usiangalie visanduku. Soma maneno yaliyo juu yake."

Mkalimani alisogeza uso karibu. "Jumapili. Jumatatu. Jumanne..." Aliendelea polepole. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi."

"Cha sita ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Na ile ya zamani ilianza na siku gani?"

"Jumatatu." Mkalimani alijishika kichwa. "Kumbe miadi haikusogea. Wiki ndiyo imeanza mapema."

"Umenena. Hakuna kilichoharibika. Programu mpya ina mpangilio wake wa kuanzia, na haikujui wewe ulizoea nini. Sisi siku ya mosi ni Jumamosi, wenzetu ni Jumapili, maofisini ni Jumatatu. Kila mtu na wiki yake. Ila wewe ulisoma mahali, hukusoma jina."

Mkalimani alitikisa kichwa. Katika lugha ya alama, mahali pana maana. Ukimweka mtu kulia hewani, atabaki kulia hadi mwisho wa mazungumzo. Kwa miaka kumi alikuwa ameisoma kalenda yake hivyohivyo, kwa mahali, na haikuwahi kumwangusha.

"Sasa tuirudishe unavyoipenda," alisema Bi Mhazili. "Tafuta alama ya mipangilio. Huwa ni kigurudumu chenye meno."

Mkalimani alitafuta chini, akatafuta pembeni. Fundi Saa aliinama, akagusa kona ya juu ya skrini kwa kidole.

"Hiki hapa. Vigurudumu kama hivi nafungua kila siku."

"Leo umetufaa, mume wangu."

Alibonyeza. Ukurasa ukafunguka. Bi Mhazili alimwambia achague neno "Kalenda", kisha "Mwonekano". Hapo palikuwa na maneno "Wiki inaanza", na mbele yake "Jumapili". Mkalimani alichagua "Jumatatu", akabonyeza "Hifadhi".

Visanduku viliruka. Duara la leo lilikaa penye Alhamisi yake. Alama ya bluu ilitua penye Ijumaa. Cheche alipiga meza kwa kiganja kwa furaha, na saa moja ikaanguka kutoka meza ya kaka yake.

"Bado," alisema Bi Mhazili. "Siku zote hunisimulia kwamba una kalenda mbili, ya kazi na ya familia. Ya pili iko wapi?"

"Ya familia? Sijaiona tangu jana. Nilidhani wiki hii hatuna jambo."

"Hatudhani kwenye kalenda. Angalia kushoto, kuna orodha. Kila kalenda ina kijisanduku chake cha tiki. Isiyo na tiki imefichwa tu, haijafutwa."

Tiki ilikuwa kwenye "Kazi". Kwenye "Familia" hapakuwa na kitu. Mkalimani aliiweka, na alama za kijani zikajitokeza. Moja ilikuwa Jumapili. Fundi Saa aliisoma kwa sauti.

"Mama anafika."

Wote walitazama kitanda cha wageni. Kilikuwa kimejaa maboksi ya saa.

"Mama yako," alisema Mkalimani.

"Mkwe wako," alisema Fundi Saa, tayari akikusanya maboksi.

Ilibaki kliniki, nayo ilifungwa saa kumi na moja. Mkalimani alipiga simu.

"Samahani sana. Kesho saa tatu nilishachukuliwa na mtu mwingine tangu zamani. Nilisoma kalenda vibaya, kosa ni langu. Naweza kuja saa nane mchana?"

Karani alimwambia asubiri. Kimya kilikuwa kirefu. Cheche hakusikia kimya hicho, lakini alikiona usoni mwa wifi yake.

"Daktari yupo hadi jioni," alisema karani hatimaye. "Mzee naye anasema saa nane ni bora, atakuwa ameshakula."

Mkalimani alicheka huku machozi yakimlenga. Aliandika miadi ya saa nane palepale, akasoma jina la siku kwa sauti kabla ya kuhifadhi. Bi Mhazili aliitikia kwa kichwa.

"Chukua na hili. Ukiletewa toleo jipya la kitu unachokitegemea, usikimbilie kufanya kazi nalo. Kaa nalo dakika kumi. Angalia wiki inaanza lini, kalenda zipi zinaonekana, na chagua kama unataka kuona siku, wiki au mwezi. Ukikwama, niite. Kuuliza si ujinga."

Ijumaa saa tatu kasoro robo walikuwa mlangoni pa kiwanda. Ndani walikaa watu watatu. Mmoja wao, msimamizi wa karakana, aliuliza swali ambalo Cheche alilingoja.

"Kengele ya hatari ikilia, utajuaje?"

Mkalimani alitafsiri. Cheche alijibu bila kusita, na Mkalimani akampa sauti.

"Nitawaona nyinyi mnakimbia. Lakini wekeni na taa nyekundu. Hata wenye masikio hawasikii kitu mashine zikiunguruma."

Watu wale walitazamana. Msimamizi alicheka, akakiri kwamba ni kweli. Kisha walimpa vyuma viwili aviunganishe. Cheche alivaa kinyago. Kwenye kazi hiyo hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alipomaliza, msimamizi alipitisha kidole kwenye kiungo mara mbili, akakigeuza chuma na kuangalia upande wa nyuma. Alimwita mwenzake aje naye aone.

Jumatano iliyofuata Mkalimani alikuwa mezani na mama mkwe, wanakunywa chai. Simu ililia. Ilikuwa simu ya video ya Cheche. Alikuwa amesimama barabarani, simu ameiegemeza juu ya ukuta na barua ameibana kwapani ili mikono iwe huru.

"Nimepata," alisema kwa mikono. "Naanza Jumatatu, saa moja asubuhi. Iweke kwenye kalenda yako."

Mkalimani alipiga kelele, mama mkwe akamwaga chai. Alifungua kalenda upesi, akasoma jina la siku, kisha akainua mikono kujibu.

"Jumatatu saa moja ninayo nafasi. Nije kukutafsiria?"

Cheche alitikisa kichwa. Alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Hapana, wifi. Msimamizi ameanza kujifunza alama. Wewe iweke tu, uwe unaiona."