Tanuri Lililopoa

Siku Unga alipoondoka, mtaa mzima uliamka bila harufu ya mkate.

Sindano aliigundua hali hiyo akiwa bado kitandani. Kila alfajiri harufu ya mkate ndiyo iliyokuwa saa yake. Ilipita dirishani kabla ya mwanga, ikamwambia kwamba baba yuko kazini, kwamba mikate ya kwanza imetoka tanurini, na kwamba bado kuna muda wa kugeukia ubavu wa pili kabla mama hajaanza kuita. Siku hiyo aligeukia ubavu wa pili, akarudi wa kwanza, na harufu haikuja.

Alitoka nje akamkuta baba yake ameketi kizingitini. Alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, nayo ilikuwa nyeupe na safi kabisa. Usafi huo ndio uliomtisha Sindano. Baba yake alikuwa mkandaji katika duka la mikate la mtaani, na saa kama ile aproni yake huwa imeganda kwa unga na jasho.

"Baba, leo hakuna kazi?"

"Wameondoka."

"Nani?"

"Mwokaji na watu wake wote. Nimewakuta wanapakia lori." Baba alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na ufunguo wa duka, ule mrefu wenye kutu shingoni. "Amenipa huu. Amesema nishike, nisimpe mtu."

"Na Unga?"

Baba alifumba kiganja. "Alikuwa mbele, kwa dereva. Amevaa sare za shule. Nadhani hawakumwambia mpaka dakika ya mwisho."

Unga alikuwa binti wa mwokaji. Watoto walimpa jina hilo tangu darasa la kwanza, kwa sababu hakuwahi kufika shuleni bila vumbi jeupe kwenye nyusi. Naye ndiye aliyemwita mwenzake Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa mama yake alikuwa mshonaji. Tangu wakati huo walikaa dawati moja. Rangi ya Unga ilikuwa nyingine na nywele zake zilikuwa za singa, maana babu wa babu yake alitoka mbali kuja kufanya biashara. Lakini mwokaji mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma cha duka lile, na makaburi ya wazazi wake yalikuwa hatua chache kutoka uwanja wa mpira.

Mambo yalikuwa yameanza kidogo kidogo. Bei ya unga wa ngano ilipanda, mkate ukawa mdogo, na watu wakaanza kusema kwamba watu wa namna ile wameficha magunia. Baba alijua kwamba ghala lilikuwa na panya wawili na mifuko mitupu. Alisema hivyo kwa kinyozi, akasema hivyo msikitini na sokoni, watu wakamcheka: wewe si unakula kwao. Kisha usiku mmoja mlango wa duka ukaandikwa kwa rangi nyekundu: RUDINI KWENU. Mwokaji aliusugua kwa mafuta ya taa asubuhi nzima. Siku iliyofuata maneno yalikuwa yamerudi, na dirisha la chumba cha watoto wake lilikuwa limevunjwa.

"Kwao ni wapi, Baba?" Sindano aliuliza.

"Hata yeye aliniuliza hivyohivyo," baba alisema, akaifungua kamba ya aproni.

Shuleni, nusu ya dawati ilikuwa wazi. Somo la kwanza lilikuwa la historia. Mwalimu aliandika ubaoni: Nchi yetu imejifunza nini tangu ipate uhuru? Mikono ikanyooka juu.

"Tumejifunza umoja," akasema mmoja.

"Tumejifunza kutobaguana kwa rangi wala kabila," akasema mwingine, kwa sauti ya mtu aliyekariri vizuri.

Mwalimu akasema vyema. Hakuitazama ile nafasi iliyo wazi. Nyuma ya Sindano, mvulana aliyeitwa Redio kwa sababu hakujua kunyamaza alinong'ona, "Baba yako amepata duka. Kesho utuletee skonzi, bosi."

"Hajapata kitu."

"Si ana ufunguo? Mama yangu kamwona."

Wenzake wawili walicheka. Sindano alihisi masikio yanawaka. Alitaka kugeuka na kusema neno la kumaliza kila kitu, lakini neno lenyewe hakulijua.

Mwalimu akagonga meza. "Redio, hebu njoo ukae mbele hapa, nikuone vizuri. Nafasi ipo."

Kabla Redio hajainuka, Sindano aliweka mkoba wake juu ya nusu ile ya dawati. "Hapa pana mtu, Mwalimu."

"Hayupo."

"Ndiyo, hayupo. Lakini pana mtu."

Mwalimu alishika kifutio akafuta pembeni mwa ubao, palipokuwa tayari safi. "Haya," alisema hatimaye. "Kwa leo."

Jioni mwenyekiti wa mtaa alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kujua kila mtoto ni wa nani. Alikaribishwa kiti kizuri. Mama hakuacha kushona, ila alipunguza mwendo wa cherehani ili asikie. Bibi, mama yake baba, alikuwa amelala kitandani kwake upande wa pili wa pazia. Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Fundi," mwenyekiti alianza, "sikuja kukupotezea muda. Lile duka haliwezi kukaa limefungwa. Watu wanataka mkate. Kamati imekaa, na wote wamekutaja wewe. Umekanda pale tangu ujana. Unaijua kazi. Lichukue."

"Lina mwenyewe," baba alisema.

"Mwenyewe ameondoka kwa miguu yake."

"Ameondoka kwa lori, Mwenyekiti. Na vioo vya dirisha vilikuwa kitandani kwa wanawe."

Mwenyekiti alijipangusa uso kwa leso. "Mimi sikuvunja dirisha. Wala sikuandika mlangoni. Lakini yametokea, tutafanyaje? Wakati wao umepita, sasa ni wakati wetu. Wewe una mke, una mama mzee, una huyu binti anayekua kama mlingoti. Utawalisha ufunguo?"

Cherehani ilisimama. Sindano alimtazama mama, na aliona kwamba swali hilo lilikuwa la mama pia.

"Kweli, baba Sindano," mama alisema taratibu. "Sipendi mtu avunjiwe nyumba. Lakini duka likikaa tupu, wao watafaidika nini? Wakirudi, si utawarudishia?"

Baba aliugeuzageuza ufunguo, na Sindano aliona wazi kwamba moyo wake umeanza kuinama upande wa pili. Hakumlaumu. Hata yeye mwenyewe aliwaza harufu ya mkate ikirudi dirishani kesho yake, na aliona haya kwamba wazo hilo limempendeza.

Ndipo Bibi akacheka nyuma ya pazia. Kilikuwa kicheko kikavu, kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Mwenyekiti, mwanangu," alisema, "hayo maneno yako yamezeeka kuliko wewe. Nifungulieni pazia."

Sindano alilivuta pazia. Bibi aliketi, akayafunika magoti yake kwa khanga.

"Usiku tuliopata uhuru nilikula mkate wa duka lile," alisema. "Baba yake mwokaji aliwasha tanuri tangu mchana akagawa bure mpaka kuni zikaisha. Alilia bendera ilipopanda. Mimi nilikuwa karibu yake nikamwona. Haikupita miaka mingi, tukasikia redioni kwamba maduka ya watu wa namna ile yagawiwe wananchi. Tulishangilia. Sisi wenyewe, siyo watu wengine. Aliondoka asubuhi kama hii ya leo, na duka lile alipewa mume wangu."

"Babu?" Sindano aliuliza. Hakuwahi kusikia hayo. Baba aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa anajua.

"Babu yako. Alikuwa mchoma mkaa, hakuwahi kuoka hata andazi. Duka lilikuwa limekaa limefungwa tangu mvua za mwanzo mpaka za mwisho, wakubwa wakibishana nani apewe. Siku alipokabidhiwa, watu walijaa mlangoni, na kiongozi mmoja amekuja kuhutubia. Mume wangu akataka waone moto. Alijaza kuni mpaka mdomoni, akawasha. Moto ulinguruma kama gari. Tukapiga vigelegele."

Aliivuta khanga mpaka kiunoni.

"Tanuri la matofali likilala muda mrefu hunywa maji. Unatakiwa kuliamsha kwa moto mdogo, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, siku nyingi. Sisi nani alituambia? Aliyejua tulikuwa tumemfukuza. Hotuba haijaisha, tukasikia mlio, paa la tanuri likapasuka toka mbele mpaka nyuma. Likaangukia humohumo ndani. Mtaa huu ulikaa bila mkate miaka, Mwenyekiti. Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa, ulikula viazi."

"Hayo ya zamani, Bibi," mwenyekiti alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ya zamani ndiyo uliyoyaleta hapa jioni hii. Serikali ilipobadilika wakaruhusiwa kurudi, yule mzee akarudi. Tulijificha ndani kwa aibu. Hakuuliza nani amevunja. Aliuliza nani atamsaidia kubeba matofali. Mume wangu akatoka, akabeba. Wakajenga lile tanuri lililopo, wawili, wakatukanana kila siku kuhusu udongo, mpaka likaisha. Na huyu mwanangu akapata kazi humo."

"Sasa unataka nini, Mama?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Sitaki kitu. Mimi siwezi hata kufika mlangoni bila kushikwa. Nasema tu nilichokiona." Bibi alimgeukia Sindano, ijapokuwa macho yake yalipita juu ya kichwa chake. "Wewe unayekwenda shule, sikiliza. Mkiulizwa nchi imejifunza nini, msijibu haraka. Nchi haijifunzi kwa kuandika ubaoni. Inajifunza pale mtu anapopewa mahali pa mwenzake, akakumbuka ilivyokuwa mara ya kwanza, akakataa. Kama hakuna anayekumbuka, tutapasua tanuri kila baada ya kizazi, na kila mara tutapiga vigelegele."

Baba aliutia ufunguo mfukoni. "Sitalichukua, Mwenyekiti. Na ufunguo siutoi."

Mwenyekiti aliinuka. Hakukasirika, hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Usipolichukua wewe, atapatikana mwingine. Unajua hivyo, Fundi."

"Najua."

Alipoondoka, mama alikaa na mikono juu ya kitambaa. Kisha akavuta taa karibu, akaanza kushona tena. "Basi nitachukua na sare za shule ya pili," alisema. "Niliwakatalia, nitawaambia nimeghairi."

Baba alikwenda ofisi ya wilaya kueleza habari ya duka. Alikalishwa kwenye benchi, akaambiwa arudi, akarudi, akakalishwa tena. Mwisho afisa mmoja alikuja, akatazama rangi nyekundu mlangoni, akasema duka lisichukuliwe na mtu mpaka mwenyewe asikilizwe, na baba abaki na ufunguo alitunze. Alibandika karatasi yenye muhuri. Mtaani wengine walimsalimu baba kama zamani, wengine waliacha. Kinyozi alimnyoa bila kusema neno. Waliovunja dirisha hawakutafutwa.

Yule dereva wa lori alipopita tena alileta salamu. Mwokaji na watu wake walikuwa ng'ambo ya mpaka, wamebanana kwa dada yake. Watoto walikuwa hawajapata shule. Kuhusu kurudi mwokaji hakusema neno. Aliuliza jambo moja tu: tanuri ni kavu?

Baba alimjibu dereva, "Mwambie ni kavu." Kisha akamwita Sindano, wakaenda kulifanya liwe kavu.

Somo la historia liliporudi kwenye swali lile, Sindano alinyoosha mkono akaeleza habari za babu yake na moto mkubwa. Redio alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa meza yake, akaitazama ile nafasi kwa mara ya kwanza. "Nilipaswa kusema kitu siku ile," alisema. "Sikujua niseme nini, nikafuta ubao." Hakumpeleka tena mtu kukaa pale.

Sasa mkate huletwa na gari kutoka mjini, jua likiwa limepanda, nao huwa umepoa. Kila Jumamosi baba na Sindano hufungua duka, hufagia, huwasha moto mdogo wa vijiti na kukaa mbele yake mpaka uzimike. Kisha hufunga mlango na kurudi nyumbani.