Mtutu wa Mbwana

Jua lilikuwa linazama Chanika wakati Leonardi, fundi wa kufua chuma, alipotoka kwenda kutafuta mifupa.

Asubuhi Mbwana alikuwa amemletea mtutu wa gobore lake. "Unaliwa na kutu, fundi. Utie ngozi ngumu." Kazi hiyo Leonardi aliirithi kwa babake: unaufukia mtutu kwenye kasha lililojaa mkaa wa mifupa, unaziba kwa udongo, unatia motoni mpaka chuma kinywe ule mkaa na ngozi yake iwe ngumu.

Bucha zote zilikuwa zimefungwa. Kwenye kona alimkuta mama mmoja, kajitanda kaniki, kopo mkononi.

"Unatafuta mkaa wa mifupa," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama. Wa ng'ombe?"

"Chukua tu, baba."

Alichukua.

Kasha lilipoanza kuwa jekundu, harufu ikatoka. Haikuwa ya ng'ombe. Nywele zinazoungua... na chini yake karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu.

Kisha...

Ngo. Ngo. Ngo.

Ndani ya kasha.

"Yesu wangu," Leonardi alinong'ona.

Sauti iliyokwama kooni ikajibu kutoka motoni:

"Mbwana... mie siyo nguruwe..."

Chanika nzima ilimjua Jabiri, kijana aliyeuawa kwa gobore usiku, shambani kwake. Mbwana aliapa kwamba alidhani kaona nguruwe. Kwamba wawili hao walikuwa wakigombea mpaka wa shamba, hilo pia watu walilijua. Kesi ikafa hivyo hivyo.

Mbwana alipoufuata mtutu, ulishapoa. Ulikuwa na mabaka ya buluu na zambarau, kama alama za vidole vilivyong'ang'ania.

"Braza, usiuchukue," Leonardi alimsihi. "Unaongea. Unakutaja jina."

"Fundi, leo umevuta nini?" Mbwana akacheka. Akauinua, akauweka sikioni kwa dhihaka.

Kicheko kikakatika. Uso ukamsawajika.

"Jabiri... nisame—"

Mlio mmoja tu.

Mtutu ule haukuwa na kitako, wala kifyatulio, wala chembe ya baruti. Polisi waliutazama sana, wakamhoji Leonardi, wakamwachia. Ndani ya kichwa cha Mbwana hawakukuta risasi.

Walikuta majivu.

Baada ya maziko, yule mama alikuja kibandani. Leonardi alishaulizia, akaambiwa: ni Chausiku, mamake Jabiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikaa mbele ya moto, kama mtu anayemsikiliza mwenzake.

"Mama..." Leonardi aliuliza. "Sasa si amepumzika?"

Chausiku akatikisa kichwa taratibu.

"Usiku ule kuna aliyemmulikia Mbwana tochi."

Akainuka, akaenda zake bila kumtaja mtu. Leonardi akanyakua ndoo, akamwagia maji tanuri lote. Maji yalichemka, yakatoa mvuke, yakakauka.

Moto ukabaki unawaka.