Pingamizi la Bibi Harusi

Kinyozi alimlalia begani. Si kwa mapenzi, la hasha, kwani hawakuwa wamewahi kuonana. Ilikuwa saa nne asubuhi katika ofisi ya vitambulisho, watu wamebanana kwenye mabenchi, feni inazunguka bila kuleta upepo. Mwenye namba themanini na nne alichukuliwa na usingizi hadi kichwa chake kikatua kwenye bega la namba themanini na tano. Namba themanini na tano alikuwa fundi cherehani, mrefu, mweusi wa kung'aa, na gauni lake la kijani lilimkaa vizuri mno, maana alilishona mwenyewe.

"Kaka, namba yako inaitwa," alisema, akimsukuma kwa kidole kimoja.

"Samahani, dada. Bega lilikuwa wazi."

"Na hizo nywele! Zimeniwasha shingo nzima. Kwani mtaani kwenu hakuna kinyozi?"

"Yupo. Ni mimi."

Alicheka mpaka karani akainua macho. "Ama kweli kinyozi hajinyoi!"

Basi, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia mwezi wa pili kinyozi alikuwa akimpigia simu kati ya kichwa na kichwa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, umeshamkata mtu sikio?"

"Leo bado. Nikikuwaza ndiyo mkono unateleza."

"Basi usiniwaze, watu wabaki na masikio yao."

"Afadhali wayakose, mpenzi."

Jumapili moja, baada ya ibada, kinyozi alimsubiri getini akiwa na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Nataka tuoane," alisema. "Unajua nilikupendea nini? Si sura, ingawa sura nayo ipo. Mama mdogo wako alinisimulia ulivyomuuguza mama yako miaka miwili, peke yako. Mwenye moyo kama huo nitampata wapi tena?"

Alikubali. Lakini usiku na mchana maneno yale yalimchoma, maana kinyozi hakujua, wala hakuna aliyejua.

Alimwogesha mama, alimlisha, alimgeuza kitandani. Hayo ni kweli. Lakini mchana ule wa mwisho alikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza, mgongo unamuuma, na mama anaita kutoka chumbani. Mara ya kwanza alikwenda, akamkuta hana anachotaka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alipaza sauti: "Mama, nimechoka na wewe!" Kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu zote ili mlio wake umeze sauti ya mama. Mama aliita tena kidogo, halafu akanyamaza. Alipomaliza kupinda sketi akaingia chumbani, mama hakuwa hai.

Msibani walimsifu mpaka akaona haya. Alipojaribu kumweleza mama mdogo, hakumaliza hata sentensi moja. "Usijilaumu, mwanangu, huna kosa." Rafiki zake nao, huna kosa, huna kosa. Miaka mitatu alizivaa sifa hizo kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu. Siku ya kwanza mchungaji alisoma karatasi, kisha akaongeza la kwake kwa furaha: "Binti huyu tunamjua sote. Alimtunza mama yake mpaka pumzi ya mwisho. Kama kuna mwenye pingamizi, aseme."

Fundi alisimama. "Lipo. Ni langu mimi. Bibi harusi hafai." Akatoka kwa mlango wa pembeni, kanisa zima limepigwa na butwaa.

Kinyozi alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Ni nani huyo mwanamume?"

"Hakuna mwanamume."

"Mtu hazuii harusi yake bure! Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea. Tafuta mwingine." Akakata simu.

Jumanne mchungaji alifika kwenye kibanda cha fundi, akaketi kwenye stuli ya wateja katikati ya vipande vya vitambaa. Fundi alimweleza yote, kisha akasubiri lile neno alilolizoea.

"Ulikosa," mchungaji alisema.

Fundi aliinua kichwa.

"Mama yako aliita, ukaziba masikio. Sitakuambia vinginevyo."

Alilia kwa kwikwi. Ajabu ni kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na nafuu, kwani hatimaye kuna mtu aliyemwamini.

"Wengine wote wanasema sina kosa, mchungaji."

"Wanakupenda, lakini wamekufungia mlango. Kosa lisilokuwepo nani atalisamehe? Yesu hakuwafia watu wasio na kosa, binti yangu. Alikufia wewe, pamoja na mchana ule. Mwambie, usimfiche neno."

"Na mama je? Kama alikufa amenikasirikia?"

"Hilo silijui. Nikisema najua nitakudanganya. Yuko mikononi mwa Bwana huyohuyo."

Wakapiga magoti. Fundi alisema yote, hata lile "nimechoka na wewe". Alipoinuka hakuona mwanga wala hakusikia sauti. Kesho yake hatia iliamka naye kama kawaida, ila sasa alikuwa na la kuijibu: najua, na nimesamehewa. Ijumaa aliijibu hivyo zaidi ya mara kumi.

Jumamosi alikwenda kwa kinyozi. Duka limejaa, mteja mmoja yuko kitini amenyolewa nusu ya kichwa. Fundi alisimulia palepale, machozi yanamtiririka, bila kupunguza chochote.

"Mbona hukuniambia?" kinyozi aliuliza.

"Ulinipendea jambo ambalo si la kweli."

"Miaka miwili ni kweli. Mchana ule nao ni kweli. Nipe yote mawili."

"Kaka," mteja alisema, "oa au usioe, lakini nimalizie kichwa!"

Duka likaangua kicheko. Kinyozi hakucheka; alikuwa anapangusa macho kwa taulo la mteja.

Kesho yake mchungaji alisoma tangazo upya, safari hii bila kuongeza la kwake. "Mwenye pingamizi?" Kanisa zima likageuka kumtazama fundi. Akashika benchi la mbele, akasimama.

"Nilisema hapa kwamba sifai," alisema. "Ni kweli. Mama yangu aliniita mchana ule wa mwisho, nikakataa kumsikia. Bwana anajua, na amenisamehe. Kama Yeye hana pingamizi, mimi ni nani hata niwe nalo?"

Mama mdogo alijifunika uso kwa leso. Kinyozi akainuka haraka: "Na mimi sina, mchungaji!"

"Wewe keti," mchungaji alisema. "Bado Jumapili mbili."