Jina la Watu Wakubwa

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chiriku aliketi katika chumba cha kazi cha mama yake, fundi cherehani, akishona vifungo. Jina hilo la utani alipewa kwa kuimba. Tangu darasa la tatu ndiye aliyeongoza kwaya ya shule.

Kisha akaja msichana mpya, mpole, mwenye jina la ukoo kama la waziri, la kipa wa timu ya taifa, na la mwimbaji anayesikika kila redio. Darasa zima likamganda kama kupe.

"Yule mwimbaji ni shangazi yako?"

"Hapana, tumefanana majina tu," alijibu, lakini nani amsikilize? Hata mwalimu wa kwaya alisema, "Damu haipotei," akampa nafasi ya kuongoza.

Wivu ukamwingia Chiriku. Akaanza kunong'ona: "Yule anajipachika ukoo wa watu. Aliniambia mwenyewe kwamba ni ndugu zake." Neno halina miguu, ila lilifika madarasa yote kabla ya kengele. Msichana akaitwa Mwongo, akaacha kuja shule, na nafasi ikamrudia Chiriku.

Alasiri moja, mwanamke mmoja alipiga hodi akiwa na sare mkononi.

"Nibadilishie kola, fundi. Namhamisha mwanangu shule."

"Mbona mapema hivyo, dada? Si nilikushonea sare hii juzi tu, alipohamia?"

"Wanamwita mwongo, kisa jina la babu yake, aliyekuwa fundi bomba tu. Mtoto hajadai undugu na mkubwa yeyote. Sasa hali wala halali."

Sindano ya Chiriku ikasimama. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Lakini alimwona yule mama akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ni mimi," alisema. "Nilimsingizia. Nilimwonea wivu."

Mama yake hakufoka. "Kesho utayasema hayo palepale ulipoyasema yale."

Mgeni akaondoka na sare yake bila kushonwa, akisema mwanawe atarudi shuleni kesho.

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya darasa, akakiri uongo wake. Wengine walisonya. Mwalimu wa kwaya akainamisha kichwa. "Nami nilichagua jina, sikuchagua sauti."

Akawasikiliza wote upya. Msichana mpya alipoimba, alicheka mwenyewe: "Nyumbani huniambia ninyamaze, kuku watahama." Nafasi ikaenda kwa mwanafunzi mwingine. Chiriku akaenda safu ya nyuma, moyo bado ukimchoma. Msichana yule alimtazama kidogo, kisha akasogea kumpisha.

Jioni mama yake alimwambia, "Jina mtu hupewa, mwanangu, tabia hujipa mwenyewe. Wivu utakuja tena, wewe ni binadamu. Ukija, usiuazime ulimi wako."